Muhogo, barabara ya lami na kimeng'enya kilichonyimwa siku zake: kisa cha konzo kule Bandundu

Niseme mapema ninachotaka kusema ili tusizungushane: wale watu wa Bandundu kule Kongo waliopata konzo, yaani ugonjwa wa miguu kukakamaa ghafla, hawakuupata kwa sababu muhogo wao ulizidi sumu ghafla, wala kwa sababu wanawake wa kule walikuwa hawajui kuandaa muhogo, walijua vizuri sana. Shida ilikuwa kwamba kuna kimeng'enya kimoja kimo ndani ya muhogo wenyewe, kazi yake ni kuivunja ile sumu, na hicho kimeng'enya kikanyimwa muda na mazingira ya kufanya kazi yake. Ukikielewa hiki kisa umeshaelewa vimeng'enya (au enzaimu, ukipenda) vimetengenezwa na nini na kwa nini wakati mwingine vinachapa kazi na wakati mwingine vinagoma, manake yale yote ya darasani kuhusu joto, asidi, maji na vizuizi yamo humu, na yamo pamoja na watu wenye miguu na watoto na mashamba.

Bandundu ni upande wa magharibi wa Kongo, enzi hizo Zaire. Kule muhogo ndo chakula, mchana na jioni, na wanaopanda zaidi ni ule mchungu. Wana sababu zao za msingi kabisa: unavumilia udongo wa kichanga uliochoka, wanyama waharibifu hawaupendi, na unakaa ardhini mpaka siku utakayouhitaji. Uchungu wake wanaujua na namna ya kuutoa wamerithi kwa bibi zao. Unang'oa, unamenya, unaloweka mizizi kwenye kijito au kidimbwi kwa siku tatu mpaka ukiubonyeza kwa kidole unabonyea, hapo unautoa, unachambua nyuzi, unaanika juani mpaka ukauke kabisa halafu unatwanga kupata unga wa fufu. Siku tatu. Hiyo namba ishike kichwani.

Mwaka 1974 ikaja barabara mpya ya lami kwenda Kinshasa. Jiji lilikuwa linakua kwa kasi na linataka muhogo, na kwa mara ya kwanza mkulima wa kijijini akawa anaweza kuuza mzigo wake ukafika mjini, kwa hiyo muhogo uliokuwa wa kula ukageuka zao kuu la biashara. Ni jambo zuri, hela ilihitajika, ada za shule, dawa, sabuni, chumvi. Ila lori likija linataka mzigo wa leo, halikusubirii mpaka keshokutwa. Zile siku tatu za kuloweka zikaanza kukatwa, zikawa mbili, zikawa moja. Na makopa ya siku moja ukiyatazama kwa macho hayana tofauti ya kukushtua, meupe, makavu, yanatwangika, unga unatoka.

Kuanzia hapo ndo konzo ikaingia vijiji ambavyo haikuwepo. Ugonjwa wenyewe haufanani na polio wala na ule wa kudhoofika taratibu. Mtu yuko mzima, ametembea mwendo mrefu au ameshinda shambani, halafu ghafla, mara nyingi ndani ya siku moja tu, miguu yote miwili inakakamaa. Hailegei, inakaza. Magoti yanavutana kwa ndani, kisigino hakigusi chini, anatembea kwa ncha za vidole huku miguu inapishana kama mkasi, na aliyepata kwa ukali hatembei kabisa. Hauendelei kuwa mbaya zaidi baada ya hapo, lakini pia hauponi, ndo imetoka hiyo. Wanaopata zaidi ni wanawake walio kwenye umri wa kuzaa na watoto waliovuka miaka mitatu, na zaidi wakati wa kiangazi. Ugonjwa ulikuwa umeshaandikwa zamani, daktari wa Kiitaliano anaitwa Giovanni Trolli aliuripoti mwaka 1938 kutoka Kwango, kusini zaidi ya hapo. Kwa hiyo konzo haikuzaliwa na lami, ila lami ilikuja nayo sehemu mpya.

Timu ya watafiti wakiwemo Thorkild Tylleskär, Banea wa Kongo na Hans Rosling (huyuhuyu Rosling aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa takwimu zake za afya) walipita vijiji vya Bandundu vyenye wakazi 6,764 wakakuta watu 110 walio hai wenye konzo na wengine 24 ambao walikuwa wameshafariki. Matokeo wakayatoa 1991. Hebu fikiria kijiji chako, kati ya kila watu mia, mmoja au wawili wametembea kwa fimbo tangu siku moja fulani wanayoikumbuka.

Sasa tuingie ndani ya muhogo, manake hapo ndo kwenye utamu wa hili jambo.

Sumu ya muhogo haikai kama sumu. Inakaa kama kitu kinaitwa linamarini, na zaidi ya asilimia 90 ya sayanaidi yote ya muhogo, ambayo ndo sumu yenyewe, imefungwa humo. Linamarini ni sukari ya glukosi iliyoshikana na kipande kingine kilichobeba sayanaidi. Ikiwa imefungwa hivyo imetulia kabisa, inayeyuka kwenye maji, haina harufu, na hata ukiichemsha haivunjiki. Shikilia na hilo la kuchemsha, tutalirudia. Mmea unaihifadhi kwenye vakuoli, yaani kile kifuko kikubwa kilicho ndani ya kila seli. Halafu kwenye ukuta wa seli, kwa nje, kumekaa kimeng'enya kinachoitwa linamarasi. Majina yanafanana hadi yanachanganya kwa hiyo tuelewane: linamarini ndo mzigo wa sumu, linamarasi ndo kimeng'enya kinachoufungua. Vimetenganishwa makusudi. Mdudu akiutafuna mzizi seli zinapasuka, viwili vinakutana, sayanaidi inatoka, mdudu anajuta. Ni silaha ya mmea, na bibi zetu waliigeuza ikawa njia ya kuusafisha muhogo: pasua seli zote kabla hujala, acha silaha ifyatuke yote, sayanaidi ipae hewani, alafu ule kilichobaki.

Kimeng'enya hiki kimetengenezwa na nini? Ni protini. Leo tunalisema kirahisi lakini liligombaniwa kweli, wakubwa wa kemia wa Ulaya walikataa wakasema protini ni uchafu tu unaoambatana na kimeng'enya, mpaka James Sumner wa Marekani alipofanikiwa mwaka 1926 kukitoa kimeng'enya cha yurezi kwenye maharage fulani kikiwa fuwele safi akaonyesha ni protini, na hata hivyo ilichukua miaka kukubalika, Nobel alipewa 1946. Baadaye miaka ya 1980 wakagundua kwamba kuna RNA chache nazo zinafanya kazi kama vimeng'enya, lakini karibu vyote unavyovisikia ni protini.

Na protini ni mnyororo wa amino asidi. Ziko aina 20, zinapangwa moja baada ya nyingine kwa mamia kufuatana na maelekezo ya jini (yaani maelekezo ya urithi yaliyomo ndani ya seli), halafu mnyororo haubaki umenyooka, unajikunja, sehemu inajisokota, sehemu inajilaza, mwisho wake unapata umbo moja mahsusi. Linamarasi ina cha ziada, juu ya protini yake kuna vipande vya sukari vimebandikwa. Kwenye umbo hilo kuna shimo dogo, na ndani ya shimo ndo kazi inafanyika. Linamarasi ni ya ukoo wa vimeng'enya ambavyo ndani ya hilo shimo vina amino asidi mbili zinazotazamana, zote ni za aina ya glutamati. Linamarini ikiingia, glutamati moja inashika glukosi na nyingine inatoa haidrojeni moja kukata kile kiungo, maji yanaingia kumalizia, glukosi inatoka, kile kipande kingine kinatoka, na kimeng'enya kinabaki kama kilivyokuwa, tayari kwa linamarini nyingine. Hakitumiki kikaisha. Ndo maana kiasi kidogo tu kinaweza kusafisha mzizi mzima, ila kwa sharti: kipewe muda, kipewe maji, kisiharibiwe umbo, na kifikiwe na linamarini. Masharti manne. Bandundu yaliguswa karibu yote.

Tuanze na hilo la kufikiwa. Mzizi mzima uliomenywa ukautumbukiza kwenye maji, siku ya kwanza hakuna kikubwa. Linamarini iko kwenye vakuoli zake, linamarasi iko ukutani, hawajaonana. Anayewakutanisha sio maji, ni bakteria. Wanaingia, wanakula sukari, wanachachusha, na wao wana vimeng'enya vyao vinavyoyeyusha pektini, ile gundi inayoshikilia kuta za seli. Gundi ikiyeyuka mzizi unalainika, seli zinaachia, na sasa mchanganyiko unatokea. Kwa maneno mengine kulainika kwa muhogo ndo alama ya nje kwamba kwa ndani milango imefunguka. Yule bibi anayebonyeza kwa kidole anapima kitu sahihi kabisa, bila maabara. Na hii kazi ya bakteria inachukua siku ya pili na ya tatu. Ukiutoa muhogo baada ya usiku mmoja umeutoa kabla kazi yenyewe haijaanza vizuri, yaani hujakata theluthi mbili za muda tu, umekata karibu kazi yote.

Ongeza hapo na joto. Vimeng'enya, vya muhogo na vya bakteria, vinaenda kasi maji yakiwa na uvuguvugu na vinazubaa maji yakiwa baridi, kwa makadirio ya kawaida kasi inakaribia kuongezeka mara mbili kila nyuzi 10 unazopanda, mpaka ufike pale protini inapoanza kufumuka. Na kiangazi cha ukanda ule ndo msimu wenye usiku wa baridi, maji ya kijito yanapoa, kulainika kunachelewa. Kwa hiyo msimu uleule ambao muhogo ulihitaji kulowekwa zaidi ndo uliokuwa unalowekwa kidogo.

Asidi nayo imo. Bakteria wakichachusha wanatoa asidi ya laktiki, na maji yanaanzia karibu na pH 6 au zaidi (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imeongezeka) yanashuka mpaka kwenye 4 na kitu. Sasa kumbuka zile glutamati mbili: ili kazi iende, moja inatakiwa iwe imeshika haidrojeni na nyingine iwe imeachia. Kwenye pH ya karibu 6 hali iko hivyo hasa. Asidi ikizidi zote mbili zinashika haidrojeni, hakuna wa kukamata glukosi, kasi inashuka. Hii ndo maana halisi ya ile sentensi ya vitabuni kwamba kila kimeng'enya kina pH yake. Kwa bahati nzuri kwenye kuloweka kwa siku tatu linamarasi inakuwa imeshafanya sehemu kubwa ya kazi na linamarini nyingine imeshavuja kwenye maji. Lakini asidi ina jambo jingine: kile kipande kinachobaki baada ya glukosi kutoka kinaitwa asetoni sayanohaidrini, na chenyewe kinavunjika kwa hiari na kutoa sayanaidi kwenye pH ya juu ya 5, kwenye asidi kinang'ang'ania. Ndo maana baada ya kuloweka kuanika ni lazima, juani kinamalizikia kuvunjika na gesi inaondoka. Haidrojeni sayanaidi inachemka kwenye nyuzi 26 hivi, yaani kwa jua letu haikai.

Halafu maji. Watu wengi wanadhani jua linakausha sumu. Jua la kuanika linafukuza sayanaidi ambayo imeshaachiwa, lakini linamarini ambayo haijavunjwa hailigusi. Na kipande kikishakauka sana kimeng'enya kinasimama, kwa sababu bila maji hakuna cha kuileta linamarini kwenye shimo lake na maji yenyewe ni sehemu ya ile kazi ya kukata. Ukisimamisha hivyo kwenye muhogo wa usiku mmoja unapata makopa ambayo ndani yake kuna linamarini nyingi na linamarasi nzima, vyote vimelala pamoja kwenye unga mkavu. Kimeng'enya hakijafa, kimesimama tu. Hii ni tofauti kubwa na ndo itakayotuokoa mwishoni mwa kisa.

Sasa kupika, na hapa naomba usikilize kwa makini kwa sababu ushauri wa "upike vizuri uive" unatolewa sana, na kwa muhogo mchungu haufanyi kazi. Unga unamwagwa kwenye maji yanayotokota. Protini ya kimeng'enya imeshikiliwa kwenye umbo lake na viungo dhaifu, joto likizidi vinaachia, mnyororo unafumuka na kujikunja ovyo, sawa na ute wa yai unavyogeuka mweupe kwenye kikaango na haurudi tena. Linamarasi ikifika nyuzi sabini themanini hivi imekwisha. Linamarini kwa upande wake haina shida na maji ya moto, inabaki ilivyo. Kwa hiyo kwenye sufuria umemuua mkombozi na kuiacha sumu. Fufu linaiva, linanukia, na linamarini yote imo. Ukishakula, sehemu ya linamarini inapita mwilini na kutoka kwenye mkojo bila madhara, ila sehemu nyingine inafika utumbo na huko kuna bakteria wenye vimeng'enya vya kufanana na linamarasi, wanaikata, na sayanaidi inaachiwa ndani yako badala ya kuachiwa kijitoni.

Ndani ya mwili tunakutana na vimeng'enya viwili zaidi. Cha kwanza kipo kwenye mitokondria, yaani vile vinu vya nguvu vilivyo ndani ya seli, kinaitwa saitokromu oksidesi, ndicho kinachoipa oksijeni elektroni mwishoni mwa safari ya kutengeneza nguvu. Hiki kinatuonyesha kwamba kimeng'enya sio lazima kiwe protini tupu. Ni vipande vya protini kama 13 vimeungana, na katikati yake kuna madini, chuma kilichokaa ndani ya hemu (kile kipande kisicho protini kinachoshikilia chuma) na shaba pembeni yake. Kazi yote iko kwenye ile chuma na shaba, protini imevishikilia mahali pake. Sayanaidi inakuja kukaa kwenye chuma pale ambapo oksijeni ilitakiwa ikae. Umbo la kimeng'enya halijaharibika, joto liko sawa, pH iko sawa, ila kiti kimekaliwa. Hicho ndo kizuizi. Seli ina oksijeni tele na haiwezi kuitumia.

Cha pili ni rodanesi, na hiki ni rafiki. Kipo kwa wingi kwenye ini, kinachukua sayanaidi na kuipachika salfa, inakuwa thiosayaneti, ambayo ukali wake ni mdogo sana na inatoka kwa mkojo. Rodanesi ipo ya kutosha mwilini, tatizo halijawahi kuwa kimeng'enya. Tatizo ni salfa. Kimeng'enya hakiumbi kitu kutoka hewani, kikikosa malighafi kinakaa bure, na salfa hii tunaipata kwenye amino asidi zinazoitwa sisteini na methionini, yaani kwenye samaki, nyama, mayai, kunde kwa kiasi. Mzizi wa muhogo protini yake haizidi asilimia moja au mbili. Kijiji kilichokuwa kinakula fufu na mboga ya majani ya muhogo wiki nzima, kiangazi, mito imepungua samaki na mavuno ya kunde yameisha, kilikuwa kinaongeza sayanaidi na kupunguza salfa kwa wakati mmoja. Hivi viwili vikikutana ndo konzo inatokea, ukiwa na kimoja peke yake ni nadra. Ile sayanaidi inafikaje mpaka kuua zile neva za juu zinazotawala miguu na kuacha nyingine, hiyo bado inafanyiwa utafiti. Lakini mnyororo wa kutoka kijitoni mpaka kitandani unaeleweka.

Na unaeleza kwa nini wanawake na watoto. Mwanamke mjamzito au anayenyonyesha na mtoto anayekua wanahitaji protini zaidi kuliko mtu mwingine yeyote hapo nyumbani, salfa yao inagombaniwa na kazi nyingine. Mtoto anayenyonya bado hajapata shida, aliyeachishwa akaanza kula fufu la familia ndiye anayeingia hatarini. Hili linaniuma kila nikilisoma, kwa sababu anayeloweka, anayeanika, anayetwanga na anayebeba mzigo mpaka barabarani ni mwanamke, na ndiye aliyelipa.

Kwetu hapa sio hadithi ya mbali. Konzo ilitokea Tarime wakati wa ukame wa 1985, na kusini mwa Tanzania, Masasi, mwaka 1988 watu walipata sumu ya ghafla ya muhogo ulioandaliwa haraka, na Mtwara konzo imewahi kurudi baadaye. Nampula kule Msumbiji mwaka 1981 waliathirika zaidi ya watu 1,100. Kote huko mchoro ni uleule: ukame au njaa au vita au biashara, muhogo mchungu (na ukame wenyewe unaongeza linamarini kwenye mzizi), siku za maandalizi zinakatwa, mboga ya protini haipo. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwenye unga wa muhogo ni miligramu 10 za sayanaidi kwa kilo, na muhogo mchungu ukiwa mbichi unaweza kuwa na mamia.

Watu wa Afrika Magharibi wanaotengeneza gari (sio la magurudumu, ni chakula chao cha muhogo uliokunwa na kukaangwa) wamepona sana hili kwa sababu wao wanakuna muhogo. Kukuna kunapasua seli zote papo hapo, linamarasi na linamarini vinakutana siku ya kwanza kabla ya kitu kingine chochote, halafu ndo unachachuka, unakamuliwa na kukaangwa. Mpangilio ndo umewaokoa, moto unakuja mwisho baada ya kimeng'enya kumaliza.

Sasa kumbuka ule unga wa Bandundu wenye kimeng'enya kilichosimama bila kufa. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia aliliona hilo na mwaka 2006 akatoa njia ambayo naipenda kwa sababu haiombi mtu anunue chochote. Unamimina unga kwenye bakuli, unaweka alama ndani ya bakuli pale unga ulipofika. Unaongeza maji huku unakoroga, mwanzoni unga unashuka, unaendelea kuongeza mpaka unga uliolowa upande tena kufika kwenye ile alama. Kisha unautandaza kwenye mkeka au ungo kwa unene usiozidi sentimita 1, kwa muda wa saa mbili juani au muda wa saa tano kivulini, halafu unapika ugali siku hiyohiyo. Basi. Maji yamekirudisha kimeng'enya kazini, linamarini iko palepale pembeni yake kwa sababu kutwanga kumeshavunja seli, na utandazaji mwembamba unaiacha gesi itoke. Ile tofauti ya saa mbili na saa tano ni joto tu, kimeng'enya kilekile, juani kinakimbia na kivulini kinatembea. Sayanaidi inapungua mara tatu mpaka sita.

Banea na wenzake waliipeleka kijiji cha Kay Kalenge, eneo la Popokabaka, hukohuko Bandundu. Akina mama walifundishwa, wakafundishana, na muda wote wa mradi hakukutokea mgonjwa mpya wa konzo. Hawakuambiwa waache muhogo mchungu, hawakuambiwa waache kuuza, barabara ilibaki na lori likaendelea kuja.

Kama uko sehemu inayokula makopa ya muhogo mchungu na unataka kuijaribu hii, angalia mambo mawili. Unga usiwe umekaangwa wala makopa yasiwe yamepitishwa kwenye maji ya moto kabla ya kukaushwa, manake kimeng'enya kitakuwa kimeshakufa na kulowesha hakutafufua kitu. Na maji ya kukorogea yawe ya kawaida ya mtungini, usitumie ya moto hata kama una haraka.